Kuchapa michoro ya rangi juu ya ngozi nyumbani: njia ipi inadumu?

Mshona Makubadhi (Tanga)

Wanajukwaa, habari zenu. Mimi ni mshonaji wa makubadhi na mikoba midogo ya ngozi hapa Tanga, kazi niliyorithi kwa mjomba wangu, na karakana yangu ni chumba kimoja cha uani chenye meza, cherehani moja na dirisha la kutosha hewa. Kwa miaka mingi mapambo yangu yamekuwa yale ya asili: nyuzi za rangi, vipande vya ngozi nyekundu na ya kijani vinavyoshonewa juu ya kanda, na alama zinazopigwa kwa muhuri wa chuma. Siku hizi wateja wangu, hasa wanaoagiza kwa ajili ya harusi, wananiomba michoro ya rangi nyingi mfano wa pindo za kanga, ili mkoba na makubadhi vilandane na sare waliyochagua.

Nimejaribu mara mbili na mara zote mbili nimeshindwa. Mara ya kwanza nilipeleka vipande vya ngozi kwenye duka linalochapa vikombe na fulana, wakanihakikishia kwamba karatasi yao ya sablimesheni, ile inayohamisha mchoro kwa joto, inashika juu ya kitu chochote. Waliweka mashine kwenye nyuzi joto 200 za Selsiasi kwa dakika nzima. Ngozi ilitoka imejikunja kama ganda la mua lililoachwa juani, imekuwa ngumu na nyeusi pembeni, na mchoro wenyewe ulikuwa mpauko kiasi kwamba nilipopitisha kitambaa chenye maji ulibaki kivuli tu. Mara ya pili nilichora kwa mkono kwa rangi ya maji ya kupakia ukuta. Ilipendeza sana siku ya kwanza, lakini baada ya wiki moja ilipasuka pale kanda inapokunjika na ikaanza kubanduka vipande vipande.

Ngozi ninayotumia ni ya ng'ombe, yenye unene wa milimita 2 hadi 3 kwa makubadhi na takribani milimita 1.5 kwa mikoba. Muuzaji husema imetengenezwa kwa magome ya miti ya miwati, nayo ina rangi ya udongo mpauko, lakini mara nyingine hunipa ngozi laini zaidi ambayo ukiikata unaona katikati yake pana rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Naomba kufahamishwa kwa nini majaribio yangu yaliharibika, na ni njia gani ya kuchapa rangi nyingi inayoweza kufanyika nyumbani, kwa umeme unaokatika mara kwa mara, ikastahimili jasho na mvua.

---

Mstaafu wa Ngozi (Moshi)

Mwanangu, nimefanya kazi katika kiwanda cha ngozi kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na jambo la kwanza ningekuomba uliache ni kuuliza mashine ipi inafaa. Uliza kwanza ngozi iliyo mezani kwako ni ipi, kwa sababu ulizotaja ni mbili zisizofanana hata kidogo, na kila moja ina masharti yake kuhusu rangi na kuhusu moto.

Ile ya rangi ya udongo imedabaghiwa, yaani imetiwa dawa isioze, kwa dawa ya mimea. Hapa kwetu dawa hiyo hutoka zaidi kwenye magome ya miwati, na mashamba ya miwati ya Njombe, ambayo kampuni yake ilianzishwa mwaka 1949, yalipandwa kwa ajili ya kazi hiyo. Zamani huko kwenu pwani yalitumika pia magome ya mikoko, ambayo huipa ngozi wekundu fulani. Ile yenye katikati ya kijivu na buluu imedabaghiwa kwa chumvi za kromi, kama ilivyo sehemu kubwa ya ngozi inayouzwa duniani leo, na hiyo buluu ni rangi ya kromi yenyewe kabla ngozi haijatiwa rangi nyingine juu.

Sasa kuhusu moto. Ngozi ni nyuzi za protini, na kila ngozi ina kiwango cha joto ambacho ikikifikia ikiwa na maji ndani yake, nyuzi hizo hujikunja ghafla na hazirudi tena. Kwa ngozi ya mimea kiwango hicho huwa kati ya nyuzi 70 na 85 hivi, wakati ngozi ya kromi iliyotengenezwa vizuri huweza kuvumilia hata maji yanayochemka. Ngozi kavu huvumilia joto kubwa zaidi kwa muda mfupi, lakini ngozi iliyokaa katika hewa ya Tanga haiwi kavu kabisa. Ina unyevu wake ndani. Ukiibana kwenye chuma cha nyuzi 200 kwa dakika nzima, unyevu huo hugeuka kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaoipika. Hao waliokuhudumia hawakukosea kwa ubaya. Walidhani ngozi ni kitambaa.

Kuna kosa la pili ambalo lingekupata hata kama ngozi isingeungua. Rangi za sablimesheni zimetengenezwa kwa ajili ya poliesta. Zikipata joto la nyuzi 180 na zaidi hugeuka kuwa gesi na kuingia ndani ya plastiki iliyolegea kwa joto, kisha plastiki inapopoa huzifungia humo. Kikombe unachokiona dukani kimepakwa utando wa plastiki ya namna hiyo, udongo wake wenyewe haushiki chochote. Ngozi halisi haina poliesta ya kuipokea rangi hiyo, kwa hiyo ile iliyobaki juu ni vumbi tu lililosubiri kitambaa chenye maji. Utawasikia wanaoshauri kupaka ngozi dawa ya kupulizia yenye poliesta kabla ya kuchapa. Inawezekana rangi ikashika, lakini joto ni lile lile, na ngozi yako ya miwati itakuwa imekwisha kufa.

Kabla ya kuchagua njia, fanya jaribio ambalo halikugharimu kitu: dondosha tone la maji juu ya uso wa ngozi na uhesabu hadi sitini. Tone likinywewa na kuacha doa jeusi linalopotea likikauka, uso uko wazi, na rangi za maji na za spiriti zitaingia. Tone likibaki limesimama kama juu ya jani la mgomba, basi kiwandani walipaka utando wa kumalizia, au ngozi ina mafuta au nta nyingi, na rangi yoyote utakayoweka itakaa juu ya utando huo na kubanduka pamoja nao. Nashuku rangi yako ya ukutani ilianguka kwa sababu mbili kwa pamoja: ilikaa juu ya utando, na isitoshe rangi ya ukuta imetengenezwa kwa kitu kisichokunjika.

Utando huondolewa kwa pamba iliyoloweshwa asetoni kidogo, ile inayouzwa kwa kuondolea rangi ya kucha. Sugua kwa wepesi mpaka mng'ao uondoke na pamba ianze kutoka na rangi, kisha uiache ngozi ikauke. Fanya hivyo mbali kabisa na jiko la mkaa au mshumaa, kwa kuwa mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na unaweza kuwaka kutoka mbali. Ngozi yenye nta nyingi usihangaike nayo. Itumie kwa kazi isiyo na mchoro.

---

Mchapaji wa Skrini (Mombasa)

Mzee amemaliza upande wa ngozi, nami nizungumzie upande wa kuchapa, kwa kuwa nimechapa mikanda na mikoba kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino upite kwenye wavu wenye mchoro, kwa miaka kadhaa. Kwa mtu anayetaka michoro ya pindo za kanga, yenye rangi bapa na mistari inayojirudia, sioni njia ya nyumbani inayoshinda skrini. Haihitaji joto kubwa, haitegemei umeme isipokuwa ukitaka, na ukishatengeneza skrini moja unaweza kuchapa vipande mia bila gharama ya ziada ila wino.

Kiunzi ni cha mbao na juu yake hutandikwa kitambaa chembamba cha wavu. Kwa wino wa maji juu ya ngozi tumia wavu wa 43, yaani nyuzi 43 kwa kila sentimita, na ukihitaji mistari myembamba nenda 77. Wavu mwembamba zaidi ya huo huzibwa haraka na wino wa akriliki. Mchoro huhamishiwa kwenye wavu kwa kupaka emulsheni, dawa inayoganda kwa mwanga, gizani, kuilaza karatasi angavu yenye mchoro mweusi juu yake, na kuianika kwenye mwanga mkali. Penye weusi dawa hubaki laini na huoshwa kwa maji, penye mwanga huganda. Jua la pwani lina nguvu kuliko taa yoyote niliyo nayo, lakini muda wake lazima uupime mwenyewe: funika skrini ya majaribio kwa kadibodi na uisogeze kila baada ya sekunde 15, kisha uoshe na utazame ni sehemu gani imeganda vizuri bila kuziba mistari. Naomba jambo moja lisipuuzwe. Baadhi yetu mafundi bado tunachanganya emulsheni kwa ile poda ya rangi ya machungwa iitwayo baikromati. Hiyo ni kromi ya aina yenye sumu kali, inayoweza kuleta saratani, na hapaswi mtu kuichanganya kwa mikono mitupu katika chumba anacholala. Emulsheni za diazo zinapatikana na si hatari kiasi hicho.

Kuhusu wino, achana na plastisoli inayotumika kwenye fulana, kwa kuwa huiva kwenye takribani nyuzi 160 na hapo tunarudi kwenye ganda la mua. Tumia wino wa akriliki unaokauka kwa hewa, uwe ule unaotengenezwa mahususi kwa ngozi au wa vitambaa wenye utomvu laini, na kabla ya kununua mwingi pakaza kidogo juu ya kipande cha mpira, ukauke, kisha uunyooshe. Ukipasuka hapo utapasuka na kwenye kanda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Karatasi ni nyeupe, ndiyo maana rangi zilizochapwa juu yake hung'aa. Ngozi yako ni ya udongo, na wino mwingi wa rangi hupitisha mwanga. Ukichapa manjano juu ya ngozi ya kahawia utapata rangi ya haradali, na buluu itageuka kuwa ya matope. Kwa hiyo skrini ya kwanza ni ya wino mweupe mzito, unaochapwa mahali pote patakapokaa rangi angavu, lakini uuchape mdogo kidogo kuliko rangi zitakazofuata, labda kwa nusu milimita kila upande, ili weupe usichungulie pembeni. Kisha zifuate rangi nyepesi, halafu nzito, na nyeusi iwe ya mwisho. Angalia kanga iliyo nyumbani: mara nyingi mstari mweusi ndio unaofunika mahali rangi mbili zinapokutana, na hivyo hata zisipolingana sawasawa jicho halioni. Mchoro uliobuniwa kwa namna hiyo humsamehe mchapaji.

Na kusamehewa utakuhitaji, kwa sababu ngozi haina ukingo ulionyooka na huvutika. Usikate kanda kwanza kisha uchape. Kata kipande kikubwa cha mstatili, kigundishe juu ya ubao kwa gundi nyepesi au utepe wa pande mbili, chapa rangi zote bila kukibandua, na ukate maumbo baadaye ukifuata alama ulizochapa pembeni. Kila rangi ipe dakika 20 hivi kabla ya inayofuata, na zaidi wakati wa masika. Chapa alfajiri. Upepo wa mchana wa kaskazi hukausha wino ndani ya wavu kabla hujamaliza vipande vitano, na kuuzibua ni adhabu.

Kama huna uwezo wa kutengeneza skrini kwa sasa, kata mchoro kwa wembe kwenye filamu kuukuu za eksirei, uziweke juu ya ngozi na ugongegonge rangi kwa sponji iliyokaribia kukauka. Kazi ni ya polepole na huwezi kupata mistari myembamba, ila kanuni ya weupe kwanza na weusi mwisho ni ile ile.

---

Kibanda cha Fulana (Mwanza)

Nawaheshimu wazee wa skrini, lakini dada akiletewa agizo la mikoba sita yenye rangi nane na maua yaliyochanganyika rangi, skrini nane kwa mikoba sita ni hasara. Siku hizi kuna filamu za DTF, kifupi cha Kiingereza cha kuchapa moja kwa moja kwenye filamu. Mchoro huchapwa kwa rangi zote pamoja na tabaka la wino mweupe juu ya filamu ya plastiki, hunyunyiziwa unga wa gundi unaoyeyuka kwa joto, na wewe unanunua filamu iliyokwisha tayari kwa mita, huhitaji kuwa na mashine ya kuchapia. Weupe ambao ndugu wa Mombasa ameueleza umo ndani yake tayari.

Kwenye fulana ya pamba tunagandamiza kwa nyuzi 150 hadi 160. Kwenye ngozi mimi hushuka hadi 120 au 130, sekunde 8 hadi 10, naweka karatasi ya kuokea juu, nainua, naacha ipoe, narudia mara ya pili. Uliza anayekuuzia filamu unga wake unayeyuka kwenye joto gani, kwa kuwa upo unaohitaji joto dogo na huo ndio wa kuomba. Pasi ya nyumbani inaweza kufaa kwa mchoro mdogo: nukta moja kwenye pasi ni kama nyuzi 110 na nukta mbili ni kama 150, kwa hiyo kaa katikati, zima mvuke kabisa, na bonyeza bila kusugua. Pasi ya mkaa usijaribu, haina kipimo.

Nikiri kasoro zake. Mchoro unakaa juu kama ngozi ya pili ya plastiki, mtu akigusa anatambua, na kwenye uso wa nyama, ule wa ndani wenye nyuzinyuzi, pembe zake huinuka mapema. Mistari myembamba iliyojitenga pia hubanduka, hivyo mchoro uwe na vipande vilivyoungana.

---

Mshona Makubadhi (Tanga)

Shikamoo mzee wa Moshi, na nawashukuru wote. Nimefanya jaribio la tone la maji: ngozi ya miwati imekunywa, ile laini haikunywa kabisa. Nina swali dogo. Kuna fundi aliyenieleza kwamba naweza kuchukua nakala ya rangi kutoka kwa wenye mashine za fotokopi, nikaibandika juu ya ngozi kwa gundi na kuisugua karatasi itoke, mchoro ukabaki. Je, ni kweli au ni hadithi?

---

Mjalidi wa Vitabu (Nairobi)

Ni kweli, nami huitumia kwenye majalada ya ngozi. Lazima nakala iwe ya mashine ya leza, ambayo wino wake ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi; nakala ya printa ya wino wa maji itachuruzika yote. Mchoro uchapwe kinyume, kama unavyouona kwenye kioo, la sivyo jina la kanga litasomeka nyuma mbele. Paka ngozi jeli ya akriliki inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya wachoraji, tabaka jembamba lililoenea sawa, laza karatasi uso chini, ukamue mapovu kwa kadi, na uiache usiku kucha. Kesho yake lowesha mgongo wa karatasi kwa sponji na uisugue kwa kidole mpaka nyuzi za karatasi zitoke. Utadhani umemaliza, lakini ikikauka utaona ukungu mweupe, maana yake karatasi bado ipo. Rudia mara mbili au tatu bila haraka.

Hata hivyo sikushauri kwa makubadhi. Unga wa leza hauna weupe ndani yake, kwa hiyo mchoro hupendeza juu ya ngozi ya mpauko sana tu, na ukikunjwa kunjwa hufanya nyufa. Jalada la kitabu hukunjika mahali pamoja. Kanda ya kubadhi hukunjika kila hatua.

---

Mchapaji wa Skrini (Mombasa)

Kwa kuwa makubadhi yametajwa tena, niongeze kwamba mahali pa kuweka mchoro ni muhimu kama wino. Usichape pale unyayo unapokaa. Jasho lina chumvi, kisigino kinasugua, na hakuna akriliki ninayoijua itakayobaki hapo mwaka mzima. Weka rangi kwenye kanda ya juu na ubavuni, uache unyayo kwa muhuri wako wa chuma. Mafundi wa zamani wa Siyu, kisiwani Pate, ambao kazi yao ya ngozi inajulikana pwani yote, walipamba juu pia.

Kabla ya kumuuzia mtu, chukua kipande cha majaribio kilichokaa siku saba, ukisugue kwa kitambaa cheupe kikavu mara 50, kisha kwa kitambaa kilicholowa mara 50, ukikunje na kukikunjua mpaka mkono uchoke, mwishowe ubandike utepe wa gundi juu yake na uuvute kwa ghafla. Kitambaa kikitoka na rangi au utepe ukitoka na vipande, tatizo liko kwenye utando ambao haukuondoka, au wino ni mzito mno. Matabaka mawili membamba ni bora kuliko moja nene. Baada ya hapo ndipo upake kinga ya akriliki ya ngozi, isiyong'aa ikiwezekana, kwa sababu mng'ao huonyesha kila mkunjo.

---

Mshona Makubadhi (Tanga)

Narudi baada ya wiki tano kuwapa matokeo. Nilitengeneza skrini tatu za wavu wa 43: nyeupe, nyekundu na nyeusi, kwa pindo ya korosho inayojirudia. Jua la saa nne asubuhi liligandisha emulsheni kwa dakika moja na nusu, ila skrini ya kwanza niliiharibu kwa kuacha mlango wazi wakati inakauka. Juu ya ngozi ya miwati mchoro umeshika vizuri sana. Nimeusugua kama nilivyoelekezwa, kitambaa kikavu kimetoka safi na cha maji kimetoka na wekundu hafifu mno. Kwa ile ngozi laini ya kromi nimetumia filamu za DTF kwenye mikoba minne ya harusi, baada ya kuisugua kwa asetoni, na bibi harusi ameridhika ingawa mama yake aliuliza kama ni plastiki.

Imebaki shida moja ambayo siielewi. Kwenye vipande vitatu vya ngozi ya miwati, pembeni mwa mchoro pametokea madoa madogo ya buluu inayoelekea weusi, kama wino uliorushwa. Si rangi yangu nyeusi, kwa sababu yalitokea kabla sijachapa nyeusi, siku ile nilipofuta ngozi kwa kitambaa chenye maji ili kuondoa vumbi. Nilijaribu kuyafuta kwa spiriti, hayakutoka.

---

Mstaafu wa Ngozi (Moshi)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa pindo ya korosho. Maji ya kufutia uliyateka wapi?

---

Mshona Makubadhi (Tanga)

Kwenye pipa la uani, mzee. Ni pipa la chuma la zamani tunalokingia mvua.

---

Mstaafu wa Ngozi (Moshi)

Basi hapo ndipo penye jibu. Dawa ya miwati iliyomo ndani ya ngozi ikikutana na chuma hufanya weusi, na kutu kidogo tu ndani ya maji hutosha. Ni jambo lile lile ambalo mafundi hulifanya kwa makusudi wanapoloweka misumari ndani ya siki ili wapate dawa ya kuifanya ngozi ya mimea iwe nyeusi bila rangi. Spiriti haitaligusa doa hilo, kwa sababu halikukaa juu ya ngozi. Limezaliwa ndani yake.

Kamua ndimu, changanya maji yake na maji safi kiasi sawa, na uguse madoa kwa kijiti chenye pamba bila kufika kwenye mchoro. Subiri dakika chache, fifia yake utaiona, kisha futa kwa maji safi na uache ikauke kivulini. Doa likikataa rudia mara moja tena, usizidishe, kwa kuwa asidi nyingi huichosha ngozi. Ile ya kromi haina tabia hii, ndiyo maana mikoba yako ilisalimika. Tangu leo maji ya kazi yawe ya ndoo ya plastiki, na kama kuna misumari kwenye ubao unaogundishia ngozi, ing'oe au uifunike kwa utepe kabla ya kuchapa skrini ya nyeupe.